Mrushaji kinda akipigwa: jinsi ya kumtazama kama skauti

Kila msimu wa besiboli ukianza Marekani, swali hili linarudi, hasa kutoka kwa wazazi wenzetu walioko kule ambao watoto wao wameacha soka wakakamata glovu: "Kijana wangu kapigwa pointi sita, katolewa iningi ya tatu, na nyuma ya wavu walikaa skauti wawili, watafuta vipaji wa klabu. Ndiyo basi tena?" Mashabiki nao wana la kwao. Wanaona mrushaji wa sekondari anateseka kichuguuni, pale kwenye kilima kidogo anaporushia, halafu baada ya muda wanasikia klabu kubwa inamtaka. Inakuwaje?

Jibu fupi ni kwamba skauti hakuja kwa ajili ya ubao wa matokeo. Amekuja kuona mtupo, mwili na kichwa cha kijana, na siku mbaya humwonyesha mambo ambayo siku nzuri huyaficha. Kijana akiwatoa wapigaji wote wa shule dhaifu bila jasho, skauti anaondoka na namba za kasi tu. Akijaza besi zote tatu na hana auti hata moja, yaani hajamtoa mpinzani hata mmoja, hapo ndipo kazi ya skauti inapoanza.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa uwanjani na kuisoma siku mbaya kama wanavyoisoma wao. Sheria zote za mchezo sitazifundisha. Nachukulia unajua kwamba iningi moja ya timu huisha kwa auti tatu, kwamba straiki tatu humtoa mpigaji, na kwamba mitupo minne iliyo nje ya eneo la straiki (juu ya besi ya nyumbani, kati ya magoti na kifua cha mpigaji) humpa besi ya kwanza bure.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari dogo na penseli. Usitumie simu kuandikia, utachelewa na mtupo unaofuata.

Simu, lakini kwa ajili ya saa yake ya kuhesabu sekunde.

Sehemu mbili za kukaa. Ya kwanza ni nyuma ya mdakaji, ambako utaona mpira unavyopinda na unakofikia. Ya pili ni ubavuni: kwa mrushaji wa mkono wa kulia kaa upande wa besi ya tatu, kwa wa kushoto kaa upande wa besi ya kwanza. Huko ndiko kifua chake kinakoelekea anapoinua mguu, kwa hiyo unauona mkono wote unavyofanya kazi.

Habari tatu: umri wake, siku aliyorusha mara ya mwisho, na idadi ya mitupo aliyotupa siku hiyo. Ukizikosa hizi, nusu ya utakachoandika itakuwa kubahatisha.

Rada ya mkononi si lazima. Wenye nazo watakaa mbele yako na namba utaziona mgongoni mwa kifaa chao. Isitoshe, kwa siku mbaya rada ndiyo kitu cha mwisho cha kukusaidia.

Hatua kwa hatua

1. Fika anapopasha mwili. Nusu saa kabla ya mechi inatosha. Tazama mitupo yake ya mwisho kabla ya kupanda kichuguuni. Je, mpira unalia kwenye glovu ya mdakaji? Unafika unakolengwa? Ikiwa pale pembeni ulikuwa mkali, halafu mechi ikaanza ukalegea au ukapotea njia, shida huenda ni mchecheto au haraka. Ikiwa pembeni tayari ulikuwa mzito, fikiria uchovu au maumivu kabla hujamsingizia woga.

2. Chukua kipimo cha mwanzo. Wapigaji watatu wa kwanza ni wa kuandika tu. Andika kasi ya mpira wake wa kasi kwa kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano maili 87 hadi 90 kwa saa (kilomita 140 hadi 145). Andika mkono unaachia mpira kimo gani ukilinganisha na kofia yake, na anachukua sekunde ngapi kati ya mtupo na mtupo. Hivi ndivyo utakavyolinganisha navyo mambo yakiharibika. Asiye na kipimo hiki huona kijana "amechoka" kila akipigwa.

3. Tenganisha mtupo na matokeo. Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo wengi wanaikosea.

Kwa kila mpigaji chora mraba mdogo daftarini, huo ndio eneo la straiki. Mdakaji akiweka glovu, tia nukta pale alipoiweka. Mpira ukifika, tia msalaba ulipofika. Pembeni andika herufi moja: K kwa mpira wa kasi, P kwa wa kupinda, T kwa ule wa taratibu unaotoka mkononi kama wa kasi kumbe sio. Kisha andika mpigaji alivyoupokea: kachelewa, kawahi, kagusa vibaya, kapiga sawasawa. Basi. Pointi usiziandike hapo.

Tuchukue mfano. Mpigaji wa kwanza anagusa mpira wa kasi kwa gongo karibu na vidole vyake, gongo linatoa sauti ya kuni mbichi, mpira unadondoka mbele ya mchezaji wa nyuma kulia. Yuko besi ya kwanza. Wa pili anapiga mpira wa chini kuelekea kwa mlinzi wa kati, mlinzi anaukosa. Wa tatu anabishana na mrushaji mpaka bolu tatu (mitupo iliyo nje ya eneo) na straiki mbili, mtupo wa mwisho unapita sentimita chache nje, refa hanyanyui mkono. Besi zimejaa. Wa nne anapata mpira wa kupinda uliosahau kupinda, katikati kabisa, anaupeleka hadi ukutani na wote watatu wanaingia nyumbani.

Ubao unasema pointi 3, hakuna auti. Jukwaani wazazi wameshika vichwa. Daftari lako linasema nini? Mtupo mmoja mzuri uliokosa bahati, kosa la mlinzi, pambano la mitupo mingi lililopotea kwa unywele, na mtupo mmoja mbovu kweli. Huyo wa nne ndiye wa kuandikia sentensi nzima: kwa nini mpira haukupinda? Kidole kiliteleza, mkono ulishuka, au aliogopa kuupoteza nje akautuliza makusudi? Kutuliza mkono ili mpira "uingie tu" ni alama mbaya kuliko pointi tatu zenyewe, kwa sababu kwenye ngazi za juu wapigaji huila mitupo hiyo asubuhi na jioni.

*Onyo:* kuna siku kinyume chake hutokea. Kijana anamaliza iningi bila pointi, misalaba yote iko katikati ya mraba, na wapigaji wamempiga sawasawa lakini moja kwa moja mikononi mwa walinzi. Daftari litakuambia aliponea chupuchupu. Liamini.

4. Wakimbiaji wakiwa kwenye besi, tazama mkao mfupi. Kukiwa hakuna mkimbiaji, mrushaji ana nafasi ya kujizungusha na kuinua mguu atakavyo. Kukiwa naye, anasimama ubavu na kufupisha mwendo ili asiibiwe besi. Washa saa anapoanza kusogea, izime mpira ukigonga glovu. Sekunde 1.3 ni za kawaida. Zikifika 1.5 au zaidi, mkimbiaji mwenye miguu ataondoka tu. Ila lililo muhimu zaidi ni kinachotokea kwa mtupo wenyewe: je, kasi imebaki ileile? Vijana wengi wakiwa na mtu nyuma ya mgongo hukimbiza mwili mbele, mkono unabaki nyuma, mpira unapaa juu. Hilo linafundishika. Liandike, lakini usilipe uzito wa kasoro ya kudumu.

5. Tazama anachofanya mpira ukiwa haupo mkononi mwake. Baada ya mlinzi kukosa mpira, macho yako yasifuate mpira, yamfuate mrushaji. Anamkazia mlinzi macho? Ananyoosha mikono ili jukwaa lijue si kosa lake? Au anamgonga mwenzake glovu na kurudi kazini? Mdakaji akija kichuguuni, anamsikiliza au anatazama nyasi? Akitolewa, anampa kocha mpira mkononi au anaudondosha? Skauti wengine hubaki hata baada ya kijana kutolewa, wamtazame benchini.

Hapa nina maoni yangu. Watu hupenda kumsifu kijana asiyeonyesha chochote usoni, na kumwandika vibaya anayepiga kelele au kujipiga glovu pajani. Naona ni uvivu. Kuna mtoto wa Jamhuri ya Dominika anayecheza kwa moto tangu mpira wa kwanza, na kuna mtoto aliyenyamaza kwa sababu ameshakata tamaa. Kinachopimwa ni mtupo unaofuata hasira ile. Ukiwa na mpango, hasira haina neno. Ukiwa wa kukomoa, nguvu zote na mpira juu ya kichwa cha mdakaji, andika.

6. Tafuta kujirekebisha. Rudi kwenye misalaba yako. Kukosea kwa mpangilio ni habari njema. Mrushaji wa kulia ambaye misalaba yake yote iko juu upande wa mkono wake, mara nyingi bega lake la mbele linafunguka mapema na mkono unachelewa kufika. Misalaba ikiwa chini upande wa pili, mara nyingi anaushikilia mpira kupita kiasi. Kosa lenye anwani lina dawa. Misalaba iliyotapakaa pande zote ndiyo inayotia wasiwasi.

Kisha hesabu wapigaji. Anachukua wapigaji wangapi kugundua? Mwingine hugundua ndani ya mpigaji mmoja: utaona anashuka kichuguuni, anavuta pumzi, anafuta mchanga kwa kiatu, na mtupo unaofuata mguu wa mbele unatua mahali pengine. Mwingine mpira wake wa kasi umekataa siku hiyo, naye anahamia kwenye ule wa taratibu na kuwapata wapigaji kwa njia hiyo. Kijana wa miaka 17 anayefanya hivyo bila kocha kupaza sauti, mpigie mstari mara mbili.

Mifano ya wakubwa ipo. Greg Maddux, akiwa na Chicago Cubs mwaka 1987, alishinda mechi 6 akapoteza 14, kwa wastani wa pointi 5.61 kwa kila iningi tisa. Mwaka uliofuata alishinda 18, na baadaye akachukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995. Roy Halladay wa Toronto alifikia wastani wa 10.64 mwaka 2000. Mwaka 2001 klabu ilimshusha hadi ligi ya chini ya daraja la A, akabadilishiwa namna ya kurusha, mkono ukateremshwa. Alichukua Cy Young mwaka 2003, tena mwaka 2010. Wote wawili wamo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli.

Usijidanganye lakini kwamba kila aliyepigwa ni Halladay mtarajiwa. Rick Ankiel wa St. Louis alikuwa na miaka 21, mkono wa kushoto unaotisha, alipotupa mitupo mitano iliyompita mdakaji katika iningi moja ya mechi ya mtoano dhidi ya Atlanta, Oktoba 2000. Uwezo wa kuulenga mpira haukurudi sawasawa tena. Mwaka 2007 alirejea kwenye ligi kuu kama mpigaji na mchezaji wa nyuma. Kwa hiyo ukiona mpira umepotea njia kabisa, andika ulichoona na uishie hapo. Kutaja ugonjwa si kazi yako.

7. Chunga mkono. Kuanzia mtupo wa 50 hivi, linganisha na kipimo cha hatua ya 2. Kasi imeshuka maili tatu au nne? Mkono unaachia mpira chini kuliko mwanzo? Anachelewa kati ya mitupo? Anatikisa kiwiko, anakunja na kukunjua vidole? Hapo tathmini imeisha. Ukiwa mzazi au msaidizi wa timu, mwambie kocha.

Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na Ligi Kuu ya Marekani pamoja na chama cha USA Baseball, unaweka kikomo cha mitupo 95 kwa siku kwa vijana wa miaka 15 na 16, na 105 kwa wa miaka 17 na 18. Wa miaka 15 na 16 akifikisha mitupo 76, au wa 17 na 18 akifikisha 81, apumzike siku zisizopungua 4. Kano ya ndani ya kiwiko ikikatika, dawa yake kwa kawaida ni upasuaji uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Dkt. Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John, na mpaka leo unabeba jina la mgonjwa. Kupona huchukua zaidi ya mwaka. Na sijui skauti mwenye akili anayefurahi kumwona kijana akiachwa kichuguuni "aonyeshe moyo" hadi mtupo wa 120.

8. Toa alama mbili, ya leo na ya kesho. Skauti hutumia kipimo cha 20 hadi 80. Alama 50 ni wastani wa ligi kuu, 60 ni nzuri, 80 ni ya wachache mno. Kila silaha hupewa alama yake: mpira wa kasi, wa kupinda, wa taratibu, na uwezo wa kulenga. Kijana wa sekondari anaweza kupata 30 ya kulenga leo na 50 ya siku za mbele, na hilo si tusi.

Siku mbaya inaruhusiwa kuzigusa alama fulani tu. Kulenga, ndiyo. Mpira wa kupinda ukikosa makali siku nzima, ndiyo. Mpira wa kasi wa maili 92 ukipigwa homurani (pigo linalovuka uzio) na upepo uko nyuma, alama yake haishuki.

9. Rudi tena. Siku ya nyani kufa miti yote huteleza, na kila skauti anajua. Ndiyo maana klabu humtuma skauti wa eneo, kisha anakuja mwingine wa kanda kuhakiki, na mara nyingine wa taifa. Kwa anayetazama kwa hobi, mara mbili zinatosha, ila andika ripoti ya siku mbaya usiku uleule. Ukiisubiri siku nzuri ndipo uandike, utaipaka rangi.

Kwetu Afrika Mashariki hatua hii ndiyo ngumu. Uganda imeshafika mbali: vijana wa Lugazi walicheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, mwaka 2012, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates, klabu ya ligi kuu ya Marekani, walimsajili mrushaji David Matoma. Lakini skauti anayesafiri hadi huko huenda asipate nafasi ya kumwona kijana mara tatu. Akimkuta siku yake mbaya, daftari lenye misalaba ndilo litakalomtetea kijana huyo.

Ukikwama

*Siwezi kutofautisha mitupo.* Acha kuufuata mpira, tazama magoti ya mpigaji. Yakilegea au mwili ukienda mbele mapema, haikuwa mpira wa kasi. Baada ya iningi mbili macho yatazoea.

*Refa anabana eneo la straiki.* Ndiyo sababu tunaweka nukta ya glovu. Pima umbali kati ya nukta na msalaba, uamuzi wa refa uache kwa wachezaji.

*Mdakaji ni dhaifu, anaweka glovu ovyo.* Hapo nukta hazina maana. Angalia tu kama misalaba inakaa kwenye kingo za mraba au katikati.

*Rada mbili zinatoa namba tofauti.* Ni kawaida, pembe ya mahali ulipokaa hubadilisha namba. Chagua rada moja na ubaki nayo hadi mwisho.

*Katolewa baada ya wapigaji watano.* Andika kuhusu hao watano. Silaha ambayo hukuiona usiipe alama, weka mstari mtupu. Skauti wanaoheshimika wana mistari mingi mitupu.

*Anayepigwa ni mwanangu.* Mpe mtu mwingine daftari. Wewe nenda kasimame mbali, kule kwenye uzio wa nyuma, na usimfuate skauti kumweleza kwamba kijana alilala vibaya au refa ana ubaguzi. Wazazi nao huandikwa.

*Skauti kaondoka kabla mechi haijaisha.* Mara nyingi alikuja kwa ajili ya mrushaji mmoja, na huyo akishatolewa, kuna uwanja mwingine unamsubiri jioni hiyohiyo. Kuondoka kwake hakumaanishi lolote, zuri wala baya.